Kinachouzwa Barazani

Mji wa Kale, Mombasa
Mfunguo Nne, mwisho wa Aprili 1999

Kwa kaka yangu Ishaq, Maskati.

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta wewe, wifi yangu Mwanatumu na watoto katika afya njema, na kwamba joto la huko halijaanza kuwachoma. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku tu wazima. Mama yu hai. Anakula, na jana alimgombeza Sidi, yule mama wa Kaloleni anayetusaidia kazi tangu mama augue, kwa kuutia mchuzi chumvi ya kutosha bahari. Neno hilo kwamba mama yu hai nimelitanguliza makusudi, na ukisoma hadi chini utajua kwa nini.

Barua anakuletea Taib, jirani yetu, anayerudi huko kazini baada ya likizo yake. Nimeibandika gundi mara mbili. Najua utashangaa kwa nini sikukuandikia Barazani kama unavyonihimiza kila mara, habari ikakufikia siku ile ile. Barazani sitii mguu tena, na leo nakueleza sababu. Univumilie, maana nina hasira, na hasira zangu wazijua tangu utoto.

Wakumbuka mwaka jana ulivyonisifia kitu hicho. Kamaludin, mtoto wa marehemu fundi saa, alikuwa amefungua duka la kompyuta pale Ndia Kuu, akatengeneza ukumbi ndani ya mtandao na kuuita Barazani. Watu wa Mombasa waliotapakaa Maskati, Dubai, London na kwingineko wakutane humo na jamaa zao waliobaki, wapeane habari, na mtu asilipe hata senti. Ukiingia dukani kwake kwa shughuli nyingine unalipa, lakini ukisema wataka Barazani unavutiwa kiti bure. Sisi wanawake alitupa wakati wetu baada ya alasiri, akatufungia na pazia. Mtaa mzima ukasema mtoto huyu amelelewa, na wako waliomwombea kuiona Makka.

Mimi nauza mahamri mlangoni kila asubuhi, na najua kwamba mtu akigawa hamri bure ana lake: ama anawinda wateja wa kesho ama mahamri yamelala. Lakini nilipovutiwa kiti nami nilikaa. Nilifurahi, sikufichi. Nilimpata somo yangu wa chuoni niliyempoteza tangu aolewe Dubai. Juu ya kioo cha kompyuta palikuwa na utepe wa matangazo unaobadilika kila mara, na siku nilipoandika kwamba binti wa jirani anaposwa, utepe ukaniletea vitambaa vya harusi. Nikacheka, nikadhani ni sadfa.

Kisha mama akashikwa na kifua. Nilikupigia simu kutoka posta nikakwambia hali ni nzito, nawe ulilia, nilikusikia. Alhamdulillahi dawa zilimkubali, akarudi nyumbani, dhaifu lakini akili zake timamu. Na hapo ndipo madalali walipoanza kuja.

Wa kwanza alikuja na maneno ya asali, akasema amesikia nyumba yetu itauzwa na kwamba ana tajiri atakayeifanya hoteli ya wageni. Nikamwambia amepotea njia. Akaja wa pili, naye nikamfukuza. Wa tatu hakupiga hata hodi. Alianza kuupima ukuta kwa hatua zake, huku mama akimtazama kutoka dirishani. Kaka, wewe na mimi tumezaliwa katika chumba kile kile cha juu, na mama naye alizaliwa humo. Jambo pekee analoliomba duniani ni kwamba atoke chumba hicho siku atakapobebwa kwa jeneza, si kabla. Siku ile alikataa chakula, akaniuliza, “Nasiha, mumeniuza nami ni hai?” Niliapa kwa Mungu. Hakuniamini. Kuanzia hapo akawa anaonja uji vijiko viwili, kisha anaugeuzia ukuta uso.

Sasa sikiliza lililotukuta Alhamisi. Alikuja mtu aitwaye Tsofa, mtu wa heshima zake, mwajiriwa wa tajiri mmoja wa Mbaraki anayekodisha mahema, viti na masufuria ya shughuli. Alipiga hodi. Sidi alikuwa uani akifua na mimi niko sokoni, kwa hiyo hakujibiwa. Akapaza sauti kwamba anawapa pole watu wa nyumba hii kwa msiba wa mama yake Ishaq wa Maskati, Mungu amlaze pema, na kwamba tajiri wake yuko tayari kwa hema na pilau la hitima, kwa bei ya ujirani.

Wavijua vichochoro vyetu. Neno likisemwa mlangoni kwetu husikika kwenye majiko ya mtaa mzima. Kabla Sidi hajafuta povu mikononi, jirani wa mbele alikuwa amekwisha piga ukemi wa msiba. Wanawake wakajitupia mabuibui wakaja wakilia, wanaume wakatandika mikeka nje, na mtu akatumwa msikitini kuulizia jeneza. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Kwetu msiba hauulizwi, huendewa.

Nilirudi na kikapu changu nikakuta viatu vimejaa mlangoni petu. Niliketi pale pale chini pamoja na samaki wangu, nikalia na waliao, nikimlilia mama niliyemwacha asubuhi akikohoa. Sidi ndiye aliyenipenyea katikati ya watu akaninong'oneza nipande juu.

Nikamkuta mama ameketi kitandani, leso ya kichwani ameifunga sawasawa, anasikiliza matanga yake mwenyewe. Wanawake waliokuja kumwosha wamesimama pembeni hawana pa kuweka nyuso. Akaniambia niwapikie watu kahawa, maana wamejichosha. Akasema pia kwamba yule aliaye kwa sauti kuliko wote ndiye aliyeazima sinia lake tangu Maulidi, basi akimaliza kulia alirudishe. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Lakini nilipomshika mikono niliikuta baridi, na haikupata joto mpaka magharibi. Aliwaambia wote kwamba yule mtu wa mahema amekosea mlango, wasimlaumu, wende zao kwa amani.

Tsofa hakukimbia. Alingoja kibarazani mpaka watu wakatawanyika, akaniomba radhi hadi machozi yakamlenga. Akanieleza kwamba tajiri wake humlipa Kamaludin ili aambiwe nyumba zenye harusi, zenye safari na zenye wagonjwa, na madalali nao humlipa waambiwe zinazouzwa. Yetu ilitajwa kuwa na mgonjwa mahututi, na tajiri kwa kutaka kuwatangulia wenzake akaona mahututi na maiti ni mamoja.

Nilikwenda dukani kama nilivyokuwa, na harufu ya samaki mikononi. Nilidhani Kamaludin atakana, nami nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kukana. Hakukana, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinivutia kiti kile kile cha bure akanifundisha kama mwalimu. Akasema simu ina gharama, umeme una gharama, na mashine hazikushuka kutoka mbinguni. Akasema wafanyabiashara humlipa kwa utepe ule kulingana na wingi wa macho yanayoupitia, lakini muuza nguo za harusi hana haja na macho ya kila mtu. Anayataka macho ya mama mwenye mwari ndani, na kwa hayo hulipa mara nyingi zaidi. Basi kazi yake Kamaludin ni kusoma wanayoyaandika watu na kujua nani anahitaji nini kabla mwenyewe hajatoka nyumbani. Hakumwibia mtu, akasema. Kila neno watu wamelileta wenyewe kwa miguu yao.

Kisha akanieleza, bila haya, kwamba Inshallah siku moja atauza Barazani yenyewe kwa matajiri wa ng'ambo, na bei yake itahesabiwa kwa idadi ya waliokaa humo. Nikamwuliza kama mimi nimo katika hesabu hiyo. Akasema nimo. Nikamwuliza kama mama yangu asiyejua kompyuta ni kitu gani naye yumo. Akafikiri, akasema kwa kuwa ametajwa, basi kwa namna fulani yumo. Akamalizia kwamba watu hawamwelewi: yeye hauzi baraza, anauza wanaokaa barazani.

Kaka, nilipandwa na mori. Nilimwambia muuza kahawa hupita kwenye baraza zetu miaka nenda miaka rudi, akasikia nani kaachwa, nani kafilisika, nani anaumwa, na akiinuka hapo anachouza ni kahawa tu. Kamaludin akanijibu kwa upole kwamba ndiyo sababu muuza kahawa hajawahi kununua gari. Akaongeza kwamba ningesoma masharti ya kujiunga. Masharti yenyewe yako kwa Kiingereza, kwa maandishi madogo kama sisimizi, na aliyenikalisha kitini ni yeye, asinisomee hata mstari mmoja. Wahenga walisema rahisi ghali. Hawakutuambia kwamba cha bure hulipwa na mama wa mtu.

Nilipokuwa natoka nikakumbuka swali moja. Nilimwuliza nani aliyemwambia kwamba mama ni mahututi na kwamba nyumba inauzwa, maana mimi sikuwa nimeandika hata herufi moja ya ugonjwa wake. Akakigeuza kioo upande wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Maneno yalikuwa yako, chini ya jina lako. Kwanza umeomba dua kwa ajili ya mama yetu mahututi, na kwa hilo sina neno, dua ni haki yake. Lakini chini yake, watu walipokwisha kukupa pole, ukawauliza rafiki zako nyumba ya mawe ya ghorofa moja karibu na Ndia Kuu siku hizi yaweza kufika bei gani. Mama anapigania pumzi, nawe wauliza bei.

Huenda ulisema tu, kama wanaume wanavyosema wakikaa. Nataka kuamini hivyo. Kwenye baraza ya mawe neno lile lingechukuliwa na upepo, au mzee mmoja angekukemea pale pale likaisha. Kule hakukuwa na wa kukukemea, na aliyekusikia alikuwa na wanunuzi tayari. Kamaludin ameuza, na sitamsamehe upesi. Lakini aliyeitoa bidhaa ndani ya nyumba yetu ni wewe, Ishaq.

Nilirudi nimeazimia kumficha mama. Nikaketi naye kitandani nikaanza kumtungia habari ya mashine iliyochanganya majina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yule mtu wa mahema alimtaja Ishaq wa Maskati, na jina la mtoto wa mtu halikosei mlango. Alijua tangu kitandani pale, watu wakimlilia. Kumbe aliposema mbele ya mtaa mzima kwamba mlango umekosewa, alikuwa akilifunika jina lako. Ndipo akaniapisha nisikwambie kwamba anajua, usije ukaona haya ukashindwa kurudi nyumbani.

Basi nimekivunja kiapo cha mama, na dhambi yake naibeba mwenyewe. Naona afadhali uone haya kuliko usijue. Miaka yote ulikuwa ukimwandikia mama kwa mkono wako, nami nikimsomea, naye akinirudisha nyuma nisome tena pale ulipomtaja. Tangu Barazani ifunguliwe hujamwandikia hata mara moja. Umewaandikia watu wote habari zake, yeye mwenyewe hukumwandikia neno.

Sikuombi uombe radhi kule. Futa ulichoandika, ingawa Kamaludin anasema alichokwisha uza hakirudi. Mwombe tajiri wako ruhusa uje, uketi katika chumba cha juu, umwambie mama kwa kinywa chako kwamba nyumba haiuzwi. Mimi nimemwambia mara nyingi, ananiitikia tu. Anayemngoja aseme ni wewe.

Nisalimie wifi yangu na unibusie watoto. Sidi anakusalimu, na jirani wa mbele aliyepiga ukemi naye anakusalimu, ingawa hadi leo akipita kwetu hutazama chini. Sinia limerudi. Kabla ya kufunga barua nilimwuliza mama nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akasema nikusalimu sana, na nikwambie kwamba yu hai.

Mdogo wako,
Nasiha