Ukurasa wa Nne Ambao Sikumsomea Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na niruhusu nilitoe lile gumu kwanza kabla woga haujanizidi, maana sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja: Jumapili iliyopita nilipokuwa nikimsomea mama barua ya benki niliruka ukurasa mzima kwa makusudi, nikatoka wa tatu nikaingia wa tano bila kupumua, na mama hakugundua.

Inabidi nieleze kwa nini mama husomewa, usije ukadhani hajui kusoma. Anajua, tena mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Ila nilipokuwa darasa la tatu mwalimu alimwita akamwambia mtoto wako ana akili lakini sauti yake hatujawahi kuisikia, na mama aliporudi nyumbani akaweka sheria kwamba kila karatasi itakayoingia mlangoni kwetu nitaisoma mimi, kwa sauti, nikiwa nimesimama, wakati yeye anapiga pasi sare zetu za wiki. Nimemsomea bili za maji, kadi za harusi, maelekezo ya dawa ya kikohozi na barua ya kututaka tuhame. Ananiita Redio, na akitaka nirudie mahali anazungusha vidole hewani kama mtu anayetafuta stesheni. Mbele ya watu wengine bado siwezi, dukani naonyesha kwa kidole, lakini kwenye ile meza ya pasi naweza kusoma hata saa nzima.

Mama ni msimamizi wa chumba cha kufulia nguo hospitalini, na kwa miaka tisa amekuwa akiweka akiba ili apate malipo ya awali ya nyumba yake ya kwanza, ambayo sasa ameipata, vyumba viwili na sebule, ghorofa ya pili, dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jirani lakini mama analisifia kana kwamba linatazama bustani. Benki imekubali kumkopesha kwa miaka ishirini. Nilipofika penye maneno “riba ya asilimia nane” mama alizungusha vidole mara tatu, nisome tena, tena, tena, mdogo wangu akawa anarukaruka juu ya rundo la nguo, na mama akacheka kicheko ambacho sikumbuki mara ya mwisho nilikisikia lini, na mimi wakati huo wote nilikuwa najua ukurasa wa nne unasema nini, kwa sababu bahasha ilifika Alhamisi na Ijumaa nilikwenda nayo maktaba ya shule nikaisoma yote nikiwa na kamusi pembeni.

Ukurasa huo unasema kwamba hiyo asilimia nane ni ya miezi ishirini na minne tu, na kwamba baada ya hapo benki itaipandisha au kuishusha riba kufuatana na soko, bila kikomo. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la jiografia, nikairudia mara nne nikiomba niwe nimekosea: riba ikifika asilimia kumi na mbili, rejesho la kila mwezi linapanda kwa zaidi ya robo, na mshahara wa mama ukiondoa hilo unabakiza chakula na nauli, ada za shule hazimo.

Halafu kuna mjomba, kaka yake mama, ambaye ni fundi bomba na anatupenda sana na hupenda kusema “niachieni mimi”. Aliposikia mama anatafuta wakili alituletea wakili wa huyohuyo muuzaji, akasema wakili mmoja kwa pande mbili ni kuokoa gharama, na huyu ni mtu wetu. Ankara ya wakili nayo niliisoma, lakini mama nilimsomea jumla ya chini peke yake. Juu ya jumla kuna mistari sita, na mmoja umeandikwa “ada ya kumwakilisha muuzaji”, maana yake, kama nimeelewa, mama anamlipia wakili mtu anayemuuzia nyumba.

Anatia saini Ijumaa ya wiki ijayo saa nne asubuhi. Wenzake kazini wameshamchangia seti ya masufuria, na mwenye nyumba wetu, yule anayetufungia maji kila ikifika saa mbili usiku, ameshaambiwa tunaondoka. Nikisema nitamwaibisha mjomba na kumzima mama kile kicheko, nisiposema tutahamia kwenye nyumba nzuri halafu baada ya miaka miwili tutaipoteza na mimi nitakuwa nilijua. Nina miaka kumi na sita, nani atanisikiliza mimi kuhusu riba? Au labda sijaelewa? Barua hii naitumbukiza kwenye sanduku lililopo getini kwenye ofisi ya gazeti lenu nikienda shule, kwa sababu mkiniambia nipige simu sitaweza.

Ni mimi, Redio.

Mshauri anajibu

Redio, pole sana, mwanangu. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa tuongee.

Acha kusema labda hujaelewa. Mtu asiyeelewa harudii hesabu mara nne. Umeielewa barua ile kuliko mjomba wako, na kuliko watu wazima wengi wanaoniandikia wakiwa wameshatia saini, wakati mimi sina la kuwapa zaidi ya kuwapa pole kama niliyokupa wewe. Tofauti yako na wao ni kwamba umeniandikia mapema, na ndiyo sababu barua yako nimeipitisha mbele ya zote zilizokuwa mezani.

Lakini umekosea, na usitegemee nikufiche. Nyumba ni ya mama yako, deni litakuwa la mama yako, na wewe umekaa maktaba ukaamua kwa niaba yake ajue nini na asijue nini. Ulifanya hivyo kwa mapenzi, sikatai. Mjomba wako naye kaleta wakili kwa mapenzi. Mwanamke aliyeweka akiba miaka tisa huku akilea watoto wawili hawezi kuvunjwa na ukurasa mmoja wa karatasi. Unamwona dhaifu kwa sababu ulimwona anacheka. Mwache acheke, kisha umpe ukurasa wake.

Huwezi kumweleza? Usimweleze. Msomee, si ndiyo kazi yako? Leo hiihii, pasi ikiwa moto. Na kama ulimi utagoma, anza na gazeti hili.

Kisha sikilizeni wote wawili. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji. Hata awe mpole kama malaika, siku likitokea tatizo kwenye hati atasimama upande wa yule aliyemjua kwanza. Mama atafute wakili wake, anayemlipa yeye, atakayekwenda kuchunguza hati kama kweli ni ya muuzaji na kama haina deni jingine, na kabla ya kazi kuanza aombe mchanganuo wa gharama kwa maandishi: kipi ni ushuru wa serikali na kipi ni ada ya wakili. Ushuru haupunguzwi. Ada huongeleka, ila aombaye ni yule anayejua kwamba huongeleka. Na ule mstari wa muuzaji usilipwe hata senti.

Benki nako mwende na maswali kwenye karatasi. Riba isiyobadilika inapatikana kwa miaka mingapi, na kwa asilimia ngapi? Baada ya hapo inaweza kupanda hadi wapi? Rejesho litakuwa kiasi gani ikifika kumi na mbili, ikifika kumi na nne? Afisa aandike majibu, asiyaseme tu huku anatabasamu. Mama akilinganisha na benki nyingine moja au mbili hamkosei mtu adabu.

Mjomba aambiwe nyumbani, kwa heshima, kabla ya wageni kujua. Apewe na kazi ya kufanya, maana mtu wa “niachieni mimi” akinyimwa kazi hununa. Akakague mabomba ya hiyo nyumba.

Ijumaa msitie saini. Nyumba haina miguu.

Majuma sita baadaye, mwandishi yuleyule

Mpendwa mshauri, safari hii siombi msaada, ninaandika kueleza tu.

Siku gazeti lilipotoka nililinunua nikalificha ndani ya kitabu cha fizikia. Jioni mama alikuwa na shuka za kupiga pasi, nikamwambia leo hakuna barua, nitakusomea gazeti. Nikaanza na barua yangu kama vile ni ya mtu mwingine. Nilipomaliza ile sehemu ya kuruka ukurasa mama alitikisa kichwa, akasema huyo mtoto anahitaji kuchapwa, na mama yake naye alikuwa wapi. Nikaendelea. Nilipofika kwenye sheria ya kusoma nikiwa nimesimama, akasema kumbe tuko wengi. Mbele kidogo kulikuwa na neno Redio. Nilitamani kuliruka, mshauri, nakuambia ukweli, niliona jinsi ambavyo ningeweza kupita juu yake. Sikuliruka.

Mama aliisimamisha pasi. Nilisoma barua na jibu lako lote mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye gazeti. Kisha akaja akanishika kidevu akanitazama.

“Kalete ukurasa wangu,” akasema.

Nikauleta. Nilimsomea mara mbili, halafu mistari sita ya wakili, halafu nikamwonyesha daftari la jiografia. Hakulia wala hakukasirika namna nilivyoogopa. Alikaa chini, akaomba kalamu, akaandika maswali kwa ule mwandiko wake mzuri, na alipofika la tano akajiuliza kwa sauti kama anilipe kile kiboko alichoahidi au aniachie kwa sababu ya hesabu. Akaniachia.

Mjomba alikuja kesho yake, nyumbani, kama ulivyosema. Kwanza alisema wakili yule ni mtu wetu. Mama akamwekea ankara mbele, kidole kwenye ule mstari, akamuuliza kwa upole, “Kaka, hapa mimi namlipia nani?” Mjomba aliusoma, akavaa miwani akausoma tena. Kisha akamsema yule wakili maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa. Alikwenda kukagua mabomba siku hiyohiyo, akagundua tangi la juu linavuja, na muuzaji akalibadilisha kwa gharama zake mwenyewe.

Mama alipata wakili wake, mwanamke mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya shule, ambaye alitaja ada yake palepale na kuiandika. Ada yake na ushuru wa serikali vikijumlishwa vilikuwa chini ya theluthi mbili ya ile jumla niliyomsomea mama. Alichunguza hati akaikuta safi. Ijumaa ile hatukutia saini, na mwenye nyumba wetu alinung'unika lakini akatuongezea mwezi mmoja.

Benki ndiko nilikoogopa zaidi. Afisa mikopo alikuwa kijana mwenye tai fupi, na mama alipouliza kuhusu ukurasa wa nne alisema hayo ni maneno ya kawaida, mama, kila mtu anayo. Mama akanigeukia akazungusha vidole. Kulikuwa na watu wanane kwenye viti vya kusubiri, niliwahesabu. Nikasimama. Mwanzoni nilikuwa naikosa mistari, lakini nilipofika “bila kikomo” nilijisikia nikiisoma kama ninavyoisoma nyumbani. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu alifungua bahasha yake akaanza kuhesabu kurasa, akamuuliza afisa kama yake nayo ina wa nne.

Afisa aliingia ndani akarudi na bosi wake. Kumbe kulikuwa na mpango mwingine, riba ya asilimia tisa isiyobadilika kwa miaka mitano, na baada ya hapo haiwezi kupita kumi na moja. Mama akauliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo. Bosi akasema hakuna anayeuulizia. Mama akasema mimi nauulizia. Mwanzoni tunalipa zaidi kidogo kila mwezi, lakini hesabu yake nimeirudia mara nne, na hata ikifika kumi na moja ada za shule zimo.

Alitia saini Jumanne iliyopita mbele ya wakili wake. Kabla ya kila saini nilimsomea ukurasa wake, kurasa zote ishirini na mbili, na wakili wa muuzaji akawa anatazama saa yake. Mama alimwambia kama ana haraka anaweza kutangulia. Alipoandika jina lake kwa mara ya mwisho aliiweka kalamu chini, akacheka, na mjomba akacheka, na wakili wetu akacheka bila kujua tunacheka nini.

Tulihama Jumamosi. Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu wa darasa kabla ya kengele nikamwambia anwani yetu imebadilika. Alichukua daftari lake, akaufuta mstari wa anwani yangu, ambao mwaka huu alikuwa ameshaufuta mara mbili, akaniuliza safari hii tumepanga kwa nani. Nikamwambia hatujapanga, ni kwetu. Nikamtajia mtaa, jengo na namba ya mlango, naye akaziandika. Kisha nikaenda kukaa kwenye dawati langu, na mwalimu wa historia alipouliza nani atasoma, nikanyoosha mkono.