Anwani ya Kirsty

Gerezani, 9 Machi

Kwa kaka yangu Neville,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Janice. Natumaini goti lako limeanza kukunjika tena na kwamba mvua za huko Whitehaven hazijakufungia ndani. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na wamenipa kazi ya kuoka mikate, kazi niliyoizoea tangu usichana. Hata nimenenepa, kaka. Huku hakuna anayeniuliza nimekula nini na kwa ruhusa ya nani. Nashukuru kwa picha ya kaburi la mama. Maua yale angeyapenda.

Barua yako nimeipata. Unasema nimelipaka matope jina la ukoo wetu, na kwamba bora ningekiri mauaji kimyakimya kuliko kumwanika marehemu magazetini. Unasema mtu mzima hujizuia. Tena unanitaka niwaandikie ndugu za mume wangu Craig niwaombe radhi. Nimeisoma mpaka nukta ya mwisho, na jibu langu ni hapana. Sasa tulia unisikilize, maana mahakamani hukukanyaga hata siku moja.

Wewe ulimjua Craig wa baa, anayenunulia watu bia, aliyempandia mama darini akamzibia paa bila malipo. Mimi nilimjua yule wa mlango ukishafungwa. Nikichelewa kutoka dukani, analala yeye nami nabaki nje na baridi, viatu vyangu kavishika yeye. Mkono wangu wa kushoto una kovu la jiko la gesi; wewe nilikwambia ni tanuri la kazini. Niliyavumilia hayo. Lakini siku binti yangu Kirsty aliposema anakwenda kusoma chuo huko Leeds, baba yake alimvunja mkono, na hospitalini mtoto akasema ameanguka kwenye ngazi. Mfupa ulipounga akaondoka. Alikoishi hatukumwambia mtu yeyote nje ya familia.

Jumapili ile Craig aliingia akipiga mluzi. Akavua mkanda wake wa vifaa, akautundika kwenye kiti, akaniambia, “Mama, tandika kitanda cha binti yako. Kesho namfuata.” Nikadhani ni mzaha. Akanitajia mtaa, namba ya nyumba, hata rangi ya mlango. Akasema safari hii hatavunja mfupa mmoja, atamvunja asiweze kupanda basi tena maisha yake yote, na kwamba nikigusa simu ataanza na mimi. Kisha akauliza, “Chai iko wapi?”

Nikachemsha maji. Nikatia maziwa, nikapaka siagi mkate, mikono ikifanya kazi yake kama si yangu. Alikula, akatazama mchezo wa raga kwenye runinga, akacheka na mtangazaji. Nilipompelekea kikombe cha pili alinidonoa kwa kidole kwenye paji la uso, akasema, “Leo lala mapema, bibie. Kesho una kazi ya kulia.” Nyundo ilikuwa kwenye ule mkanda. Kuishika sikumbuki. Ninachokumbuka ni jirani yetu, Bi. Pattinson, akinikumbatia kwa nyuma na kusema, “Basi, Lorna, basi mwanangu, ameshakufa.”

Mwendesha mashtaka alikomalia chai. Akawaambia wale raia kumi na wawili wa jopo la kuamua kesi kwamba mtu aliyeshindwa kujizuia hapaki siagi. Eti kile kilikuwa kisasi, nimekipika taratibu pamoja na maji ya chai. Nilimwona mmoja wao akitikisa kichwa kukubali, nikajua naenda kifungo cha maisha.

Wakili wangu, Bi. Penhallow, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, alisimama akasema kwamba zamani sheria ilitaka hasira ilipuke papo hapo kama kiberiti. Anayeishiwa nguvu polepole, kwa hofu, alihesabiwa muuaji. Sheria ya sasa haidai iwe ghafla. Inauliza kama kweli nilipoteza mamlaka juu ya nafsi yangu, kama niliogopa dhara kubwa kwangu au kwa mwanangu, na kama mwanamke wa umri wangu, mwenye subira ya kawaida, akisimama jikoni mwangu na maisha yangu, angeweza kufanya vilevile. Kama ni kisasi, alisema, nisipewe utetezi huo hata kidogo. Ila si Lorna wa kuthibitisha. Ni upande wa mashtaka wa kuubomoa.

Nilipoulizwa kama najuta, Bi. Penhallow alikuwa ameniasa niinamishe macho. Sikuinamisha. Nilisema nasikitika kwamba mtu alikufa kwa mkono wangu, lakini kwamba binti yangu anatembea kwa miguu yake, hilo silisikitikii, wala wasinitafutie machozi ya kulisikitikia.

Wale kumi na wawili walijifungia siku mbili. Walipotoka walisema sina hatia ya mauaji ya kukusudia. Nina hatia ya lile kosa la chini yake, la kuua kwa kushindwa kujizuia. Jaji alinipa miaka tisa, kwa kuwa uhai wa mtu ni uhai wa mtu. Miaka hiyo ninaitumikia bila kinyongo. Niliua. Lakini aibu unayonitumia kwa posta siitumikii, kaka.

Kuna swali moja nililoulizwa nikiwa nimekwisha kula kiapo: Craig aliipata wapi anwani? Nikajibu kwamba hakusema. Nilidanganya. Alisema, tena akitafuna mkate. Alisema, “Neville kanipa. Nilimlilia kidogo pale baa, akalainika. Kaka yako mwanamume, anajua baba ni baba.” Hayo ndiyo niliyokuwa nayakoroga kwenye chai. Bi. Penhallow alinisihi nisifiche hata neno moja, maana lolote lingeweza kuniokoa, nami nikakufichia wewe. Mama alikuwa kiti cha mbele kila siku, na fimbo yake magotini. Alikuwa anampoteza binti. Sikutaka siku hiyohiyo apoteze na mwana. Ukitaka kunishtaki kwa kiapo hicho, kanishtaki.

Sasa mama hayupo. Na Kirsty ananiambia unampigia simu kila wiki, unamtumia nauli, anakuita mjomba asiye na mfano. Jumamosi anakuja kunitembelea. Sikukatazi kumpenda. Lakini mpigie kabla hajapanda treni, umwambie kwa kinywa chako nani alimwelekeza baba yake mlangoni kwake. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na safari hii simfichii mtu.

Msalimie wifi, na majirani wote wanaothubutu kuniulizia. Bi. Pattinson mwambie mkate wake wa zabibu nilioahidi haujasahaulika.

Ni mimi dada yako, kwa jina nililozaliwa nalo,

Lorna Stainton