Kiti cha Mwekezaji

Jumatatu, 21 Julai

Dagaa wa leo wazuri, wamekauka kabla ya mchana. Nafasi ndiyo imepungua. Uzio wa mabati wa huyo mwekezaji umesogea tena kuelekea ziwani. Juzi nyavu zangu mbili za kuanikia zilikaa sambamba kati ya bati na maji. Leo nimetandaza moja, ya pili nimeikunja nusu. Hakuna aliyesikia nyundo.

Nimemuuliza mlinzi. Kasema yeye kaajiriwa kulinda, siyo kutazama. Hata aliyemwajiri hajawahi kumwona, mshahara unaingia kwenye simu tu. Nimemchukia bure.

Ufukwe huu ni wa mtaa. Watoto wangu wamesoma kwa mchanga huu. Ukiisha, sina pa kuanika, na sina kazi nyingine.

Jumamosi, 26 Julai

Mkutano wa mtaa, hatimaye. Mwenyekiti wetu, Shija, alimwita mwekezaji aje ajibu maswali. Akatoa kiti cha ofisini kwake, kile chenye mikono, akakiweka mbele yetu. Pembeni meza ndogo, kitambaa, chupa ya maji. Sisi kwenye mabenchi na ndoo zilizopinduliwa.

Hakuja. Shija akakataa kufungua maswali, eti mhusika hajafika. Tukakaa tunakitazama kiti mpaka jua likashuka upande wa Kamanga, ng'ambo ya maji.

Tunaondoka, chupa imebaki nusu. Joto lilikuwa kali, yeyote angeweza kunywa. Nimejiambia hivyo njia nzima.

Jumatano, 30 Julai

Uzio umesogea tena. Mchanga pembeni mwa mabati hauna nyayo. Hata za mbwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Mkutano tena. Kiti tena, kitupu.

Babu Mafuru, mshona nyavu, kachelewa. Mtaani hakuna aliyemzidi umri. Sote tunampa shikamoo, yeye hana wa kumpa. Leo kapita mbele ya kile kiti, kavua kofia, kainama.

"Shikamoo."

Nilingoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Wote tulikuwa tunangoja kiti kiitikie.

Baada ya hapo kila aliyesimama aliongea kwa sauti ya kanisani. Mama Kulwa, tunayeanika naye, alikuja amevimba kwa hasira. Alipofika mbele akaanza, "Tulikuwa tunaomba, kama itawezekana." Mimi nilikuwa na swali moja tu: nani kampa ruhusa? Nikasimama. Macho kwenye kiti. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tunashukuru kwa maendeleo."

Wakanipigia makofi.

Nimefika nyumbani nimesukutua mdomo. Naona aibu, lakini woga ni mkubwa kuliko aibu.

Jumanne, 5 Agosti

Bati la mwisho limeingia majini. Nimeanika juu ya paa la jiko. Kunguru wamejilia, waliobaki wameoza. Mnunuzi wangu wa Misungwi kanusa gunia, kaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimewahi mkutanoni kuliko wote. Nimemkuta Shija anafuta vumbi kwenye kiti. Anafuta taratibu, mkono huu, mkono ule. Anamfutia nani? Hasira zikanipanda, na nashukuru zilipanda.

Watu walipojaa nikasimama. Safari hii nilimtazama yeye, sikukitazama kiti.

"Mwenyekiti, huyo hatukumpigia kura. Tulikupigia wewe. Kaa pale wewe, utujibu."

Akakitazama kama anaoneshwa kaburi lake. "Mama Masatu, usinifanyie hivyo." Mabenchi yakaanza kunong'ona: kaa, kaa, kaa. Babu Mafuru ndiye aliyeinuka, akamshika mkono, akamkalisha.

Akajibu. Hajawahi kumwona mtu. Alipigiwa simu, sauti ikamwambia wananchi wameshakubali, yeye athibitishe tu. Akathibitisha kwa niaba yetu, bila kutuuliza. Sauti ya nani? Hajui. "Ilikuwa inaongea kama inanijua," akasema, akaanza kulia. Sikumwonea huruma.

Tukamwambia apige hapo hapo, simu iwe kwenye spika. Ikaita. Ikapokelewa. Mtaa mzima tulisikia maji yakipiga mawe, karibu kabisa. Nikauliza, "Wewe ni nani, na nani kakuruhusu?"

Maji tu. Nikauliza tena, kwa nguvu zaidi. Ikakatika. Alipopiga mara ya pili tukaambiwa namba hiyo haipo.

Tukapiga kura ya mikono: mtaa haukukubali, uzio uondoke. Shija alinyoosha wake akiwa bado amekalia kile kiti.

Jumatatu, 18 Agosti

Mbalamwezi imeisha, usiku una giza la kuvulia, mitumbwi ya dagaa imerudi kazini. Mlinzi hajaonekana tangu jana. Tumeng'oa mabati wenyewe, mchana kweupe, hakuna aliyekuja kutuzuia.

Ndani hakuna kitu. Hakuna msingi, hakuna tofali, hakuna hata kigingi. Mchanga umelala laini kama umefagiliwa asubuhi.

Wanawake wakasimama ukingoni, ndoo kichwani. Hakuna aliyetangulia. Mama Kulwa akaniuliza kwa sauti ndogo tumwombe nani ruhusa. Nikaingia, nikatandaza wavu katikati, nikamwaga dagaa. Walinitazama kwa muda mrefu. Nadhani walikuwa wanangoja nidondoke.

Nikaendelea kutawanya kwa mkono, samaki kwa samaki, wasilaliane. Baadaye nikasikia ndoo inatuliwa nyuma yangu.