Jared Wetu, Aliyeongezwa Miaka na Picha ya Meno

Mwaka mzima umepita, Jared, tangu ututoke, na mama yako Jentrix bado anakupakulia chakula.

Ulikuwa mrefu kuliko baba yako, lakini ulimwogopa jogoo wa jirani. Kila jioni hapa Ruiru ulimchotea jirani yetu mzee, Mama Ngina, maji, ukayapandisha ngazi ukiimba. Redio yoyote iliyokufa uliifungua, na nyingine zilifufuka kweli.

Siku ile ulimpelekea baba chakula kiwandani, Thika. Polisi walikuwa wakiwasaka vijana walioiba nyaya za umeme, wakakubeba pamoja nao.

"Afande, huyo ni mtoto, ana miaka kumi na tano!" mama yako alilia kituoni.

"Na huu urefu wote?"

Hukuwa na cheti cha kuzaliwa. Ulizaliwa nyumbani Malava, mvua ikiwa imekata barabara. Basi korti ikaagiza meno yako yapigwe eksirei ili umri ukadiriwe. Daktari aliitazama picha haraka haraka, akasema kumi na nane au zaidi. Ukapelekwa rumande ya watu wazima.

Mama yako alipokuja kukuona, ulikuwa unakohoa. "Usilie, Mama. Waambie tu waangalie tena."

Alizunguka na picha hiyo Thika nzima, mpaka Daktari Nzilani, mtaalamu wa meno, akaiinua dirishani.

"Mama, ona magego ya mwisho. Mizizi bado inaota. Meno hukadiria tu, hayatoi siku ya kuzaliwa, lakini huyu mimi siwezi kumwita mtu mzima."

Hakimu alimsikiliza daktari huyo, akaamuru utolewe. Mama yako akakimbia hadi gerezani na sweta yako mkononi. Askari wa getini akamuuliza, kwa upole, "Wewe ni nani wake?" Kifua kilikuwa kimekumaliza asubuhi hiyo.

Kibali cha mazishi kilisema miaka kumi na nane. Fundi alipoanza kuiandika msalabani, mama yako alimnyang'anya brashi. Aliandika kumi na tano mwenyewe, rangi ikichuruzika kwenye leso yake.

Anatuuliza kila mara: angepiga kelele zaidi, wangesikia? Tunamshika mkono tu.

Unakumbukwa na baba yako Khisa, mama yako Jentrix, dada zako Mourine na Becky, Mama Ngina, na jamaa wote wa Malava na Ruiru.

Hatutakusahau kamwe, mtoto wetu.