Ajue Niko Hai, Asijue Niliposimama

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na unisamehe kama barua yangu haina mpangilio, maana naiandika kwenye benchi la zahanati nikisubiri friji ishike baridi, na friji iliyokaa wiki mbili bila kufanya kazi haina haraka, kwa hiyo muda ninao.

Mimi ni fundi wa friji za chanjo. Nina miaka arobaini na mitatu, nina mume na watoto watatu, na mama mkwe tunaishi naye kwa sababu miguu yake haimbebi tena. Kazini wananiita Mama Baridi. Wilaya yetu ina zahanati kumi na tisa na fundi ni mmoja, ndiye mimi, na pikipiki ni moja, ndiyo hii ninayoiona hapa dirishani imejaa vumbi mpaka kwenye taa. Siku ya kawaida naendesha kilomita mia mbili, siku mbaya mia tatu, sanduku la vifaa nimelifunga nyuma kwenye keria, na kwa miaka tisa hakuna chanjo iliyoharibika kwa uzembe wangu, hilo naapa popote.

Miezi mitano iliyopita nilianguka. Nilikuwa narudi nyumbani alasiri, barabara imenyooka, hakuna gari, hakuna tope, mara nikajikuta mtaroni, pikipiki imenilalia mguuni na mtulinga umevunjika. Simu ilikuwa mfukoni lakini sehemu ile haina mtandao. Nililala pale kwa muda wa saa tatu mpaka dereva wa trekta alipoona gurudumu limetokeza kwenye majani. Wakati huo mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na kibanda chake kiko mbele ya nyumba yetu, alikuwa amezipigia simu zahanati zote kumi na tisa, moja baada ya nyingine, huku akiambiwa "ameshaondoka" na kwingine "hajafika". Watu waliponiuliza nilisema mbuzi alinikatiza. Mpaka leo nasema mbuzi.

Nilipopona mume wangu hakunikataza kazi. Alisema tu, "Mke wangu, siku ile nilipiga simu mpaka sauti ikanikauka. Sirudii tena. Tafuta programu kwenye simu yako inionyeshe uko wapi unapokuwa safarini. Mengine sikuulizi." Nikakubali kwa moyo mmoja, maana alikuwa na haki.

Ya kwanza niliyoiweka ilikula chaji kama mchwa, saa sita mchana simu imezima, na siku moja mume wangu alipoona alama yangu imekwama katikati ya pori alifunga kibanda na kwenda ofisini kwa mkuu wangu na futi bado iko shingoni, kumbe mimi niko salama nabadilisha waya. Tukaifuta. Ya pili ni ya watu wanaoendesha pikipiki kwa starehe, inakupimia mwendo na vilima, inakusifu ukikimbia, nikaanza kupata hongera za watu nisiowajua, na mmoja wao akaniandikia kwamba nyumba yangu ina geti zuri, kumbe safari zangu zote zilikuwa zinaonekana kwa kila mtu kuanzia mlangoni kwangu. Hiyo niliifuta mwenyewe papo hapo. Ya tatu ilikuwa nzuri. Inamwonyesha mtu mmoja tu uliyemchagua, tena mtandao ukikatika inatunza njia na kuituma ukirudi. Nikaitumia siku mbili, nikaiacha. Nikachukua ya nne, ambayo hairekodi kitu mpaka uibonyeze, unaweza kuisimamisha unapotaka, na jioni inatoa muhtasari: kilomita kadhaa, saa kadhaa, basi. Mume wangu nikamwambia hii ndiyo isiyokula chaji.

Sasa nikuambie kwa nini niliiacha ya tatu. Kuna kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, kiko njiani ninaporudi, na nyuma yake kuna baraza la saruji. Kila Jumatano, ambayo ndiyo siku yangu ndefu kuliko zote, nasimama pale, naificha pikipiki, navua buti, naweka sanduku la vifaa chini ya kichwa na kulala. Mshauri, hakuna mwanamume. Ningependa hata angekuwepo ili niwe na kitu cha kutubu. Nalala kwa sababu macho yanafumba yenyewe nikiwa naendesha, na nikisema nalala ataniuliza tangu lini, na akiuliza tangu lini atajua hapakuwa na mbuzi, atasema niache kazi, au habari itamfikia mkuu wangu achukue ufunguo wa pikipiki, na friji kumi na tisa zibaki bila fundi.

Na kuna jingine. Nikishalala dakika arobaini naamka, nguvu ninazo, naweza kuondoka, lakini siondoki. Nakaa. Sifanyi chochote, natazama barabara tu kwa saa nzima na zaidi. Pale hakuna anayeita mama, wala fundi, wala "mwanangu nipe maji ya kumezea dawa". Hilo ndilo linanitia aibu kuliko usingizi, kwa sababu usingizi ni mwili, lakini kukaa ni mimi mwenyewe, na nyumbani najua watu wananisubiri.

Mume wangu ni mtu wa futi na chaki, vipimo havimpiti. Jumatano ya wiki mbili zilizopita alinisubiri nivue helmeti.

"Programu inasema safari ya kurudi umeendesha saa tatu," akasema. "Zahanati ya mwisho umeondoka saa nane, uliniandikia mwenyewe. Umeingia hapa saa moja. Saa mbili ziko wapi?"

"Nilipata pancha," nikajibu.

"Pancha ya saa mbili?"

"Nilikuwa nasubiri gundi ikauke."

Kesho yake akaenda kwa fundi pancha wetu wa pale kona, tunayemwita Kiraka, na Kiraka naye bila kujua anachochea moto akamwambia, "Tairi za shemeji? Hazijaguswa tangu nilipozifunga mimi mwenyewe."

Tangu siku hiyo mume wangu anazungumza nami kupitia watoto. "Mwambieni mama yenu chai iko mezani." Na chai yenyewe niko mbele yake. Mama mkwe kasema nyumba imekuwa na baridi kuliko friji zangu, akacheka peke yake. Halafu juzi mume wangu aliweka simu yangu juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, akasema, "Chagua. Washa ile inayoonyesha yote, au usiwashe yoyote, nami nikae nisijue kama u mzima au umekufa. Ya katikati siitaki tena. Ya katikati inanifanya nikuwazie mambo ambayo sikuwahi kukuwazia."

Ndipo naomba ushauri wako. Je, ipo programu ambayo itamwonyesha kwamba niko hai lakini haitamwonyesha niliposimama? Kama ipo nitajie jina, nitaiweka leo hii. Nimechoka kudanganya, na nimechoka pia bila huko kudanganya. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Ni mimi, Mama Baridi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Baridi, majibu haya ulishayapata kwenye simu, kwa sababu mtu anayesinzia juu ya pikipiki hawezi kusubiri gazeti la Jumamosi. Nayarudia hapa kwa ajili ya wengine wanaosinzia kimyakimya.

Programu unayoiulizia sijaisikia, na ningeisikia nisingekutajia. Umeniandikia kurasa nne kuhusu simu, halafu habari yenyewe ukaipitisha katikati mbio mbio kama mtu anayepitisha mzigo asikaguliwe: ulilala ukiendesha. Mbuzi wa watu amesingiziwa miezi mitano. Na badala ya kuuogopa mtaro ulimwogopa mume, ambaye kosa lake ni kuzipigia simu zahanati kumi na tisa akikutafuta. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe kilio ulishakionja, ukarudi kuficha tena!

Usidhani sikuonei huruma. Zahanati kumi na tisa kwa mtu mmoja si kazi, ni adhabu, na hujaipata kwa kosa lolote. Tena nakushangaa unaona aibu kukaa. Mwanamke anayehudumia wilaya nzima, akirudi anahudumia watoto na mkwe, akikaa saa moja akatazama barabara, amemwibia nani? Aibu yako iweke kwenye pancha ile ya uongo, huko inastahili. Mumeo kwa upande wake amekosea kuongea na wewe kupitia watoto. Watoto si waya wa simu. Lakini mtu aliyehesabu saa mbili zilizopotea akapewa gundi inayokauka, unataka afikirie nini?

Sasa nisikilize. Rudisha ile ya tatu. Mtu mmoja tu ndiye anakuona, inatunza njia pasipo na mtandao, na haitangazi geti lako kwa walimwengu. Kuhusu chaji, mwambie fundi wa pikipiki akufungie tundu la kuchajia simu kutoka kwenye betri ya pikipiki, ni kazi ya asubuhi moja. Mkubaliane na mumeo mapema: alama ikisimama chini ya saa mbili asipige simu, ikizidi apige, usipopokea aanze kukutafuta. Bila makubaliano hayo, hata programu iliyo bora kuliko zote itawagombanisha.

Lile baraza la nyuma ya kituo cha mafuta liache leo. Mwanamke kalala peke yake mahali pasipo na mtu, pikipiki kaificha, hakuna anayejua aliko! Hapo umetoroka mtaro mmoja ukatafuta mwingine. Waombe wauguzi wa zahanati ya mwisho wakupe kitanda kabla hujaanza kurudi. Friji yao umewatengenezea, kitanda hawatakunyima.

Mwambie mkuu wako ukweli, na umwambie kwa maandishi, ili siku ya pili ya kuanguka asiseme hakujua. Jumatano yako igawanywe siku mbili. Akichukua ufunguo, achukue. Pikipiki ataipa nani, na friji atatengeneza nani? Atakurudishia kabla chanjo hazijapata joto. Pia kapime damu. Unaingia zahanati kila siku ya Mungu na hujawahi kumwambia hata muuguzi mmoja kwamba macho yanafumba yenyewe.

Lakini kabla ya hayo yote, mumeo. Usimwandikie ujumbe, usimtume mtoto. Nenda kibandani mchana, cherehani ikiwa imenyamaza, umwambie yote mawili: usingizi, na ile saa ya kukaa. Usimpe nusu. Nusu ndiyo iliyokufikisha hapa.

Wiki tatu baadaye Mama Baridi alituletea karatasi hii, nasi tunaichapa kwa ruhusa yake:

Mshauri, nilikwenda kibandani. Alikuwa anapindia suruali ya mteja. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningelia. Aliniuliza, "Mbuzi je?" Nikasema hakuna mbuzi. Akafunika uso kwa ile suruali, nikadhani amekasirika.

Alipoutoa uso akasema, "Kwa nini hukuniambia tu kwamba umechoka?"

"Ungesema niache kazi."

"Ningesema, ndiyo. Ungekataa, ningenuna siku mbili, kisha tungetafuta njia."

Mkuu wangu alifoka, akachukua ufunguo siku nne, akaurudisha. Jumatano imegawanywa, ingawa fundi wa pili bado ni ahadi. Damu imekutwa pungufu, nakunywa dawa. Uchovu haujaisha, nisikudanganye, umepungua tu. Wiki iliyopita nilipewa kitanda kwenye zahanati ya mwisho, nikalala dakika arobaini, nikaamka, nikabaki nimekaa kitandani nikitazama ukuta, na moyo ukaanza kunidunda kwa mazoea, nikijua nyumbani ile alama inaonekana imesimama. Simu ikaita mlio wa ujumbe. Alikuwa yeye, kaandika: "Naona umesimama. Sipigi. Kaa."