Michezo Niliyomwachia Salehe

Jumapili ya masika, saa kumi na nusu jioni

Mvua imekatika sasa hivi. Bati bado linadondosha matone kwenye ndoo niliyoitega mlangoni, na barabara kuu imetulia, malori mawili matatu tu yamepita tangu nikae hapa. Steshenari nimeifunga kwa wateja lakini mimi nimo ndani, maana kompyuta iko huku, na nyumbani kuna nini. Mikumi ya Jumapili haina kazi na mtu asiye na pa kwenda.

Salehe ameondoka saa nane na nusu. Mahindi ya kuchoma aliyoniletea bado yako kwenye mfuko.

Sina hamu nayo.

Blogu hii ina wasomaji wawili, na mmoja wao ni mimi ninaporudi kusahihisha makosa. Wa pili simjui. Kama ni wewe, karibu. Leo nina habari ya mchezo wa drafti tu, ila kwa mchezo huo huenda nisiolewe.

Nianze na huyu Salehe. Ni katibu wa kikundi cha wakulima wa miwa kule Kidodi, mtu wa pikipiki na faili lililofungwa kwenye nailoni lisilowe. Tulijuana masika ya mwaka jana, alipokuja kuchapisha barua ya kikundi. Kurasa tatu, mwandiko mdogo, umenyooka kama mistari ya daftari. Tukiwa katikati ya ukurasa wa pili umeme ukakatika, na mvua ikamzuia kuondoka. Chini ya meza palikuwa na ubao wa drafti na vizibo vya soda kwenye kopo la maziwa. Akauona.

"Dada, huu ubao wa nani?"

Nikasema wa kaka yangu.

Sina kaka.

Ubao ni wangu. Baba alinichongea Kilosa, nikiwa na miaka kumi na mbili. Alikuwa mtu wa reli, akipokea treni stesheni, hadi ulipofika ule wakati wa kupunguza watu kazini, naye akapunguzwa pamoja na wenzake. Wenzake walitawanyika, huyu akaenda Malolo kulima, yule Morogoro kutafuta maisha. Baba akabaki barazani na ubao, hana wa kucheza naye. Akaniita mimi. Mama alikuwa akinung'unika kwamba mtoto wa kike ataozeshwa na vizibo, lakini hakutuzuia, nadhani kwa sababu aliona baba alivyokuwa.

Baba hakuwahi kuniachia hata mchezo mmoja. Miaka miwili alinifunga kila siku, nikilia ananipa leso halafu anapanga upya. Siku niliyomfunga alisimama, akaenda kwa majirani nyumba tatu akawaambia. Sijawahi kupendwa mchana kweupe kama siku ile.

Halafu nikaenda chuo Morogoro, nikampata kijana mmoja, jina lake silitaji, ameshaoa. Alijigamba kwamba hapo chuoni hakuna wa kumfunga. Nikamfunga mara nne mfululizo barazani, rafiki zake wamejaa. Alicheka pamoja nao. Ila wiki nzima wakamwita mke wa Rehema, na wiki ya pili akaacha kunipitia. Rehema ndiye mimi. Nilipomsimulia mama, hakunilaumu sana. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Ungemwachia hata mmoja."

Hayo maneno nilitembea nayo miaka saba. Kwa hiyo Salehe aliposema tucheze mmoja tukisubiri umeme, nilikuwa nimeshajua nitafanya nini. Nikamwachia.

Kumwachia mtu asiyejua kucheza ni rahisi. Salehe anajua, na hapo ndipo nilipotoa jasho. Nilikuwa nazisogeza kete zangu pembeni, kule ambako haziwezi kusaidiana, taratibu, kila kosa likionekana kama la mtu anayejitahidi. Nilivuta pumzi, nilikuna kichwa, hata kusikitika nilisikitika. Akashinda, akaomba radhi kwa kushinda. Nikampenda papo hapo, nisidanganye.

Akawa anakuja. Msimu wa miwa ulipoanza alikuja kwa nadra, malori yakimla muda wote kule Kidodi, lakini msimu ulipokwisha alirudi karibu kila Jumapili. Na mimi, kwa huo ubao, nilimsoma mtu yule mpaka ndani. Hagusi kete kabla hajaamua. Akishagusa, anacheza hiyo hiyo hata kama ameona kosa. Hajigambi. Anapokaribia kushinda anaimba puani bila kujijua. Siku moja nilijifanya sikuona kete ya kula, na katika drafti kula ni lazima, ukisahau mwenzako anaweza kukuadhibu kwa kukuondolea kete. Yeye alinigusa kiwiko akasema, "Angalia tena hapo." Mwanaume anayekukumbusha faida yako dhidi yake mwenyewe, nikasema huyu huyu.

Kila nilipofungwa alirudisha kete nyuma, moja moja, mpaka pale nilipokosea. "Hapa ungepita huku," anasema, kwa upole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka mzima amenifundisha kitu ninachokijua. Nikawa naitikia. Naona, Salehe. Kumbe huku, Salehe.

Akiondoka, naosha vikombe, nasikia upweke ambao siku asipokuja siusikii. Sikuuelewa. Nilikuwa na mtu saa mbili nzima, goti kwa goti, iweje nibaki hivi. Nilijiambia ni kwa sababu ameondoka. Sasa nadhani hata alipokuwepo alikuwa anacheza peke yake, na mimi nilikuwa nakaa upande wa pili nikimtazama.

Mwezi uliopita akasema anataka kunioa, kabla msimu haujaanza. Akanieleza na sababu, kwa mpangilio, kama kumbukumbu za kikao. Ya kwanza, mimi ni mchapakazi. Ya pili, namheshimu mama yake. Ya tatu, na hii aliisema akitabasamu, "Wewe unajua kushindwa. Watu wengi hawajui. Nilimwambia mama, huyu akikosea hakasiriki, anajifunza."

Nilicheka na yeye.

Jumamosi hii baba yake mdogo na mzee mwingine watakwenda Kilosa kwa baba yangu na barua ya posa. Sikutaka wamkute baba hana habari. Alhamisi nikampigia baba simu kumwandaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nieleze huyo mtu."

Nikamweleza. Kazi yake, kwao, swala zake. Nilipofika kwenye drafti nilijua atafurahi, nikaongeza chumvi kidogo.

"Unamfunga?" akauliza.

"Hapana baba. Ananifunga."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Baba yangu hajanifunga kihalali tangu nikiwa kidato cha nne. Halafu akasema, "Sasa wakija na hiyo barua, mimi namwoza nani? Mwanangu, au huyo anayefungwa?"

Nilisema mteja amefika. Hapakuwa na mteja.

Basi leo nikaamua. Salehe amefika saa sita, matope mpaka magotini, mahindi kifuani ndani ya koti yasilowe. Nimepanga kete, zake zimetazama juu, zangu nimezifunika kama kawaida yetu. Nikacheza. Sikumwambia neno, nikacheza tu kama ninavyocheza na baba.

Wa kwanza nimemfunga upesi. Na hapa lazima niandike kweli, kwa kuwa mwaka mzima nilikuwa naogopa kitu ambacho hakikutokea. Salehe alifurahi. Alipiga goti lake, akasema leo mwanafunzi amempata mwalimu, na macho yake yalikuwa na furaha ya kweli. Hakukunja uso hata kidogo. Nilitamani kumwita yule kijana wa Morogoro aje aone.

Wa pili nikamfunga tena. Akasogeza kiti karibu.

Wa tatu nikautumia mtego wa baba. Unamlisha mwenzako kete mbili, moja baada ya nyingine, naye hana ruhusa ya kukataa. Kila anapokula safu yake inafunguka, mpaka unapita katikati na kula nne kwa mkupuo mmoja. Mtego huu haumjii mtu kwa bahati. Unaanza kuuandaa mchezo ukiwa bado mbichi.

Hakucheka. Alirudisha kete nyuma kama desturi yake, akitafuta alipokosea yeye, mara hii polepole zaidi. Alipopaona akaacha kidole pale pale kwenye ubao.

"Huu nani kakufundisha?"

"Baba."

"Lini?"

Hapo ningeweza kusema juzi. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umeiva. Nikasema, "Nikiwa na miaka kumi na mbili."

Salehe si mtu wa haraka. Nilimwona anarudi nyuma, si mchezo huu tu, mwaka wote. Jumapili hadi Jumapili.

"Ile ya siku ya Idi?" akauliza. Siku ya Idi tulicheza kwao Kidodi, mbele ya dada yake na watoto wa dada yake. Alinifunga michezo mitatu, akanieleza makosa yangu mbele yao kwa upole ule ule, na dada yake akaniambia nina bahati ya kupata mtu mvumilivu.

"Nayo," nikasema.

"Dada alikuwepo, Rehema."

"Najua."

Akavipanga vizibo vyote kwenye kopo la maziwa, vyake na vyangu, akafunika. Nikamwambia niliogopa atakasirika nikimfunga. Akanitazama, na hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. "Ningekasirika nini?" akasema. "Nilikuwa nafurahi tunacheza wawili."

Halafu akavaa koti. Akasema awahi kabla njia haijaharibika zaidi. Akaniaga vizuri, kwa adabu, kama alivyoniaga siku ile ya barua ya kurasa tatu. Ya Jumamosi hakuyataja, na mimi nimeshindwa kuuliza.

Niliwahi kusoma mahali fulani kwenye mtandao, nikisubiri wateja, kwamba ukitaka kumjua mtu, cheza naye. Nikakubali kwa kichwa, nikajiona mjanja, maana mimi nilikuwa nimeshacheza na wangu na nimeshamjua. Sikujiuliza yeye amemjua nani. Mimi ndiye niliyekuwa mpimaji, na nilikaa upande wangu wa ubao nimejifunika kama vizibo vyangu. Yeye alicheza uso juu mwaka mzima.

Nilidhani namtunzia heshima yake. Kumbe nilimdharau, kidogo kidogo, kila Jumapili, na chai nikimpa.

Alipoondoka sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikatoa ubao tena. Nikapanga pande zote mbili, nikawa nacheza upande huu, nahamia kiti kile nacheza upande wa pili, narudi. Upuuzi, ndiyo, lakini mvua ilikuwa inanyesha na sikutaka kuisikiliza. Nikacheza mpaka mwisho. Upande wake ukashinda.

Ndipo nikaangalia kete zangu. Zilikuwa pembeni, zimebanana pale pale ninapozipelekaga, haziwezi kusaidiana. Hapakuwa na mwanaume wa kuogopwa. Hapakuwa na mtu wa kumcheka mtu. Mlango nimeufunga mwenyewe.

Nilikuwa nakiachia kiti kitupu kishinde.

Nimelia kidogo, si sana, kisha nikaja hapa kuandika. Wingu jingine linajikusanya upande wa milimani na bila shaka litatushukia kabla ya magharibi. Nitapita dukani nichukue kiberiti, nilale mapema.

Asubuhi sifungui. Nitabandika karatasi mlangoni, wenye barua za kuchapisha watanisamehe, na nitapanda gari la kwanza la Kidodi, ubao kwapani, watu wanitazame wanavyotaka. Nikifika nitamwamkia mama yake. Dada yake akiwepo, aje akae karibu aone. Nitamwomba Salehe apange. Sitamwahidi kwamba nitamfunga wala sitamwomba msamaha kwa kumfunga, nitacheza tu, kwa akili zangu zote, na akitaka kunijua nitakuwa nimekaa pale mbele yake.

Labda barua itakwenda Kilosa Jumamosi. Labda haitakwenda. Nimejaribu kuifikiria hiyo ya pili tangu saa nane na nusu na kila nikiifikiria siifikishi mwisho.

Lakini akinikataa, kwa mara ya kwanza atakuwa amenikataa mimi.