Damu ya Upande Wenu

3 Machi

Wifi,

Binti yangu ameujua ugonjwa uliomuua kaka yako, na si sabuni yangu.

Sasa salamu. Hujambo? Mimi sijambo, na biashara yangu haijambo. Wale wote uliowatangazia msibani kwamba magadi ya sabuni yangu ndiyo yaliyomuunguza kaka yako nyayo wamesharudi kununua kwangu, umebaki wewe tu.

Haya, mwalimu mstaafu, kaa chini ufundishwe na mtu aliyeishia darasa la tano. Kwenye damu kuna protini fulani inayotengenezwa na ini. Inatembea nne nne, zimeshikana kama watu wanne waliobeba kitanda cha mgonjwa. Za kaka yako zilikuwa na kasoro, hazishikani sawasawa. Zikiachiana, kila moja inajikunja ovyo, halafu zile zilizoharibika zinang'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa nyuzi. Nyuzi zinajazana kwenye mishipa ya fahamu. Ndio ule moto wa nyayo, ndio kule kukonda. Binti yangu alikiomba kile kipande cha mshipa kilichokatwa mguuni kwa baba yake. Hospitali ilikuwa bado imekihifadhi. Akakipima maabara anakofanya kazi, akazikuta zimelala humo. Mkuu wake wa kazi alisimama kumpa mkono. Katika ukoo wenu nani mwingine mkubwa amewahi kusimama kumpa mkono?

Kasoro hiyo inarithiwa. Haikutoka kwenye ndoo yangu, imetoka kwenu. Binti anataka kupima damu ya ndugu wote wa baba yake, na dawa ipo kwa atakayewahi. Mimi nisingekuandikia, ameniomba yeye.

Mke wa kaka yako

29 Machi

Wifi,

Salamu zimefika. Sisi ni wazima, na tulikuwa wazima kabla hujaolewa.

Barua yako nakurudishia. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu: makosa thelathini na moja. Nimekupa nne kati ya kumi, na hizo ni za huruma. Mtu asiyejua nukta inawekwa wapi ndiye wa kunifundisha mimi protini? Ukoo wetu hautatobolewa sindano ili binti yako apandishwe cheo. Kama ana hamu sana ya damu, aanze na yake.

Dada wa marehemu

6 Aprili

Wifi,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli.

Nilikaa na ile barua mezani nikitafuta tusi la kukutosha. Nikawa naitazama kalamu yako nyekundu. Wewe uliyekuwa ukiwafinya watoto masikio herufi ikitoka nje ya mstari, alama zako za vema zimelala chali. Ile nne umeiandika mara tatu, moja juu ya nyingine. Pembeni kuna mchirizi mrefu, pale kalamu ilipokuponyoka. Nikatoa daftari la kaka yako la mwaka wake wa mwisho, nikaviweka pamoja. Wifi, ni mkono uleule. Vidole vimeanza ganzi tangu lini?

Na damu ya binti yangu, alianza nayo. Kaniambia juzi, baada ya kuisoma barua yako, tukiwa jikoni tunafunga sabuni kwenye karatasi. "Mama, mimi ninayo." Miezi sita alijinyamazia, nami huku namtangaza mtaa mzima. Bado haumwi, anachunguzwa, na dalili ya kwanza ikionekana anaanza vidonge. Vinazibana zile nne zisiachiane. Kilichokwishaharibika havikirudishi, ndiyo maana nakukimbiza.

Nitukane ukitaka, lakini nijibu.

Mke wa kaka yako

20 Mei

Wifi,

Barua hii nimeiandika kwa siku tatu.

Ganzi ni tangu mwaka juzi. Chaki ilikuwa inaniponyoka mbele ya darasa, nikastaafu, nikasema nimechoka. Hapa nyumbani hakuna anayejua. Kila nilipovitazama vidole nilijiambia, mimi sijawahi kuoga kwa sabuni ya wifi, basi huu si ugonjwa ule. Nilihitaji iwe sabuni yako.

Wanangu ni watatu. Muulize binti kama nao wanayo.

Wifi yako

27 Mei

Wifi,

Imefika, na yote imesomeka.

Binti anasema kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu, habashiri, anapima. Wewe ameshakuombea nafasi kwa daktari wa mishipa, na atakupeleka mwenyewe. Usidhani nimekusamehe. Miaka tisa ya kunisingizia kifo si mchezo, tutagombana vizuri ukishaanza dawa.

Atakuja kwangu na muuguzi na mirija ya damu. Njoo na wanao watatu, na yule mdogo wako mbishi pamoja na watoto wake. Anayesema ana kazi, mwambie nitamfuata hukohuko kazini, na ananijua nikipaza sauti. Wavae nguo za mikono inayokunjika. Hakuna kukaa na njaa, nitapika. Waambie kwa mdomo wako kuhusu vidole kabla hawajafika, wasije wakasikia kwangu, maana mimi sijui kusema kidogo. Wewe utakaa kiti cha kwanza.

Ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa tatu asubuhi. Wote.

Wifi yako